John Hope Franklin, mwanahistoria aliyenyang'anywa ufunguo

Nilimfikia John Hope Franklin, mwanahistoria Mweusi wa Marekani, kwa njia ya Kongo. Nilikuwa natafuta habari za Kisangani ya zamani, enzi za Tippu Tip, pale Leopold wa Pili wa Ubelgiji alipoona heri amfanye gavana mwaka 1887 kuliko kupambana naye. Ukizama sana katika habari za maporomoko ya hapo Kisangani, ambayo Wazungu waliyaita Stanley Falls, hukosi kukutana na barua moja ndefu ya tarehe 18 Julai 1890. Aliyeiandika ni Mmarekani Mweusi, George Washington Williams. Aliyeandikiwa ni mfalme mwenyewe, tena kwa barua ya wazi, ili kila mwenye macho asome.

Sisi tuliosoma historia sekondari tuliukariri Mkutano wa Berlin kama dua. Kwenye mtihani uliandika kwamba machifu walidanganywa wakatia saini mikataba, ukapata alama yako, ukaenda zako. Williams anaeleza walivyodanganywa. Betri za umeme zilinunuliwa London, zikafungwa mkononi chini ya koti na kuunganishwa na utepe uliopita kwenye kiganja. Mzungu akimpa chifu mkono, chifu anatikiswa nusura aanguke, anaelezwa kwamba hiyo ndiyo nguvu ya ndugu yake mweupe. Mwingine anatoa sigara, anaiwasha kwa lenzi juani, halafu anasema yeye na jua wanaelewana, akitaka litakiteketeza kijiji kizima. Kwa michezo hiyo, pamoja na masanduku machache ya jin, vijiji vikaenda.

Williams alifariki Blackpool, Uingereza, Agosti 1891, akiwa na miaka 41 tu. Alizikwa huko na kaburi lake likasahaulika. Miaka ikapita, na wengi waliokuja kuandika juu ya ukatili wa Leopold hawakumtaja. Nikajiuliza, sasa sisi tumemjuaje? Jibu likawa jina moja kila nilipogeukia: John Hope Franklin. Ndipo nikaacha Kisangani kwa muda nikaanza kumsoma huyu mzee.

Alizaliwa tarehe 2 Januari 1915 Rentiesville, Oklahoma, kijiji kidogo cha Weusi watupu. Baba yake, Buck Colbert Franklin, alikuwa wakili. Mama yake, Mollie, alikuwa mwalimu. Jina la John Hope alipewa kwa heshima ya msomi Mweusi aliyeongoza vyuo vya Atlanta, kwa hiyo unaweza kusema wazazi walimpangia mtoto kazi kabla hajaanza kutambaa.

Akiwa na miaka sita alipanda treni na mama yake na dada yake. Treni ikaondoka kabla hawajachagua behewa, wakawa wamekaa kwenye behewa la Wazungu. Kondakta akawaambia wahame. Mama akakataa: treni inakwenda, hawezi kuhatarisha watoto kwa kuvuka mabehewa. Kondakta akasimamisha treni, akawashusha porini. Wakarudi kwa miguu. Mtoto akalia, na mama akamwambia asipoteze nguvu zake kwa kilio, azitumie kuthibitisha kwamba hakuna hata mmoja kwenye lile behewa aliyemzidi ubora. Franklin alikisimulia kisa hiki mpaka uzeeni, na mimi kila nikikisoma ninamfikiria mama zaidi ya mtoto. Mwalimu wa kijijini, jua kali, watoto wawili pembeni ya reli, naye anatoa somo badala ya kumlaani yule kondakta.

Mwaka huohuo, 1921, baba alikuwa ametangulia Tulsa kufungua ofisi, familia imfuate shule zikifungwa. Tarehe 31 Mei na 1 Juni, makundi ya Wazungu yaliuvamia mtaa wa Greenwood, uliokuwa na maduka, hoteli, majumba ya sinema na makanisa ya Weusi, wakauchoma. Eneo la vitalu karibu 35 liligeuka majivu. Makadirio ya juu ya waliouawa yanafika watu 300. Rentiesville wakakaa siku kadhaa bila kujua kama Buck yu hai. Alikuwa hai, lakini mali yote imeteketea, na kazi ya uwakili akaianza upya ndani ya hema. Kutoka kwenye hema hilo alipinga kanuni ya manispaa iliyowataka Weusi wajenge upya kwa vifaa visivyoshika moto tu, yaani wasijenge kabisa kwa sababu hawakuwa na uwezo huo, na akashinda. Familia haikuungana naye mpaka 1925.

Kuna jambo dogo la Tulsa ambalo Franklin mwenyewe hakulisahau. Kijana alipenda opera, na kwenye ukumbi wa mji Weusi walitengewa viti vyao. Wazazi wake hawakukanyaga pale. Hawakukubali kutengwa kwa hiari yao. Yeye alikwenda, akasikiliza, na alijilaumu maisha yake yote. Wapo watakaoona alijionea bure. Mimi nadhani ndiyo sababu hakuandika kamwe kama mtu aliyejiona msafi.

Alimaliza sekondari akiwa wa kwanza darasani, akaenda Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville, akiwa na nia ya kusomea sheria kama baba. Kilichombadilisha ni mihadhara ya Theodore Currier, profesa kijana wa historia, Mzungu. Sheria ikawekwa kando. Mwaka 1935 Harvard ikamkubali lakini pesa hakuna, maana ni miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi. Currier akasema pesa haitamzuia. Akaenda benki, akakopa dola 500 kwa jina lake, akampa mwanafunzi wake. Walimu wanaosoma hapa wanajua uzito wa jambo hilo: mshahara wa mwalimu, benki, na mtoto wa watu.

Harvard alipata shahada ya uzamili 1936 na ya udaktari 1941. Na hapa ndipo kwangu mimi utamu wa hadithi yake unapoanza, kwenye jumba la nyaraka la jimbo la North Carolina, mjini Raleigh, mwaka 1939.

Tasnifu yake ilihusu Weusi walioishi huru North Carolina kabla ya utumwa kufutwa. Kufikia 1860 walikuwa takriban 30,000, watu wasio watumwa katikati ya nchi ya utumwa, nao wameacha alama zao kwenye kesi, kodi, wosia na maombi kwa bunge la jimbo. Habari hizo zote zilikuwa Raleigh. Franklin akaenda. Mkurugenzi akamweleza bila kificho kwamba waliochora ramani ya jengo hawakutegemea mtu Mweusi angekuja kufanya utafiti humo. Akaomba apewe wiki moja ajipange. Franklin akanyamaza, hakusogea. Mkurugenzi akapunguza: basi nusu wiki.

Aliporudi alikuta chumba kidogo kimeondolewa vitu vya maonyesho na kuwekwa meza na kapu la takataka. Kikabaki kitendawili kimoja. Makarani wanaoleta mafaili walikuwa Wazungu, na Kusini mwa Marekani wakati ule haikufaa Mzungu amhudumie Mweusi. Suluhisho? Mkurugenzi akampa Franklin ufunguo wa stoo ya nyaraka ajihudumie mwenyewe. Hebu fikiria: mtu anayetengwa asikae na wenzake ndiye pekee mwenye ruhusa ya kuingia ndani, kuzunguka kwenye rafu, kuchagua akitakacho na kujisukumia kitoroli chake. Yeyote aliyewahi kuomba faili kwenye nyumba ya nyaraka, akajaza fomu, akasubiri mpaka saa ya chakula, kisha akaambiwa halionekani, anajua ile ilikuwa neema ya namna gani.

Ilidumu wiki mbili. Watafiti Wazungu walilalamika kwamba wanabaguliwa. Nao wakataka funguo. Mkurugenzi akaona bora amnyang'anye Franklin ufunguo na kuwaamuru makarani wamhudumie kama mtafiti mwingine. Ubaguzi ukawa umejikaba wenyewe. Franklin alikisimulia kisa hiki kwa uso mkavu wa mtu anayesoma risiti, na ndiyo sababu kinachekesha.

Louisiana, 1945, ilikuwa hivyohivyo. Alifika Baton Rouge, mkurugenzi akamwambia Weusi hawaruhusiwi kutumia nyaraka, ila kwa bahati jengo limefungwa wiki hiyo kusherehekea mwisho wa vita. Kwa kuwa limefungwa, hakuna sheria itakayovunjwa, aingie tu. Akafanya kazi peke yake huku nje watu wanashangilia ushindi.

Vita hiyo yenyewe ilimwacha na kidonda. Baada ya Pearl Harbor alikwenda kujiandikisha katika jeshi la wanamaji, ambalo lilitangaza kuhitaji watu wa kazi za ofisini. Alijua kupiga taipu mpaka alishinda medali, alijua hati mkato, na alikuwa daktari wa falsafa wa Harvard. Akaambiwa ana sifa zote isipokuwa moja, rangi. Alipokwenda kupimwa damu kwa ajili ya jeshi, daktari hakutaka kumpokea. Kaka yake Buck, aliyekuwa mkuu wa shule, alichukuliwa jeshini akadhalilishwa vibaya, akarudi amevunjika, na 1947 akafariki. Franklin aliamua kwamba nchi iliyowatendea hivyo haikustahili utumishi wake, akakaa mbali na jeshi mpaka vita vikaisha. Hakuwahi kuuomba radhi uamuzi huo, hata alipokuwa mzee wa kuvishwa nishani.

Mwaka huo wa msiba ndio mwaka wa kitabu. *From Slavery to Freedom* kilitoka 1947 kwa kampuni ya Alfred Knopf, yeye akiwa na miaka 32. Mke wake, Aurelia Whittington, mkutubi aliyekutana naye Fisk na kumwoa 1940, aliendelea na kazi ili mume aandike. Katika wasifu wa wasomi wa kiume wake wa namna hii hupewa mstari mmoja wa shukrani, na naona nami nimempa mstari mmoja, lakini ujue mshahara wa maktaba uko ndani ya kile kitabu. Kimeuzwa nakala zaidi ya milioni tatu na kimehaririwa upya mara nyingi. Kwa msomaji wa Afrika, la kwanza analoliona ni kwamba hakianzii kwenye meli. Kinaanzia Afrika, kwenye dola na falme za Ghana, Mali na Songhai, halafu ndipo meli zije. Mwaka 1947, tuko chini ya Mwingereza na Mfaransa na Mbelgiji, huo haukuwa mpangilio wa kawaida wa sura za kitabu cha kiada.

Mtindo wake haukuwa wa kupaza sauti. Anakupa ukweli, tanbihi, ukweli mwingine, tanbihi. Nimewasikia vijana wakisema ni mkavu. Ni kweli kuna kurasa zinazochosha, na mwandishi mwenye moto kama W.E.B. Du Bois anasomeka kwa haraka zaidi. Lakini kumbuka alikuwa anaandika kwa wasomaji waliosubiri ateleze mara moja tu ili waseme huyu ni mpiga siasa. Hakuwapa nafasi. Mwaka 1949 alikuwa Mweusi wa kwanza kuwasilisha mada katika mkutano wa chama cha wanahistoria wa Kusini. Miongo miwili baadaye akakiongoza chama hichohicho.

Vyuo nitavipita haraka: St. Augustine's kule Raleigh, kisha chuo cha Weusi cha Durham, kisha Howard mjini Washington. Akiwa Howard, 1953, wakili Thurgood Marshall alimwita New York asaidie kuchimba historia ya Marekebisho ya 14 ya Katiba, yale ya haki sawa mbele ya sheria, kwa ajili ya kesi ya kupinga shule za ubaguzi. Wiki baada ya wiki alipanda treni baada ya vipindi. Hukumu ya Mei 1954, iliyoharamisha shule hizo, inajulikana. Mwaka 1956 Brooklyn College ikamteua mkuu wa idara ya historia, idara ya Wazungu, na *New York Times* ikaiweka habari hiyo ukurasa wa kwanza pamoja na picha yake.

Picha ya ukurasa wa kwanza haikumpatia nyumba. Mawakala hawakutaka kumwonyesha nyumba za karibu na chuo. Alipoipata, kampuni ya bima aliyokuwa akiilipia ada ikamnyima mkopo kwa sababu nyumba ilikuwa mitaa isiyowahusu Weusi. Akaivunja bima yake. Baadaye alisema muda alioupoteza kutafuta nyumba ungemtosha kuandika makala ndefu au hata kitabu kidogo. Hesabu hiyo huwa haimo kwenye orodha za machapisho ya mtu, na ingepaswa kuwemo.

Chicago alifundisha kuanzia 1964 hadi 1982, akaongoza idara huko pia, na mwaka 1979 akawa Mweusi wa kwanza kuwa rais wa Chama cha Wanahistoria cha Marekani. Machi 1965 alikuwa miongoni mwa wanahistoria waliotembea na waandamanaji kuingia Montgomery. Kisha Duke, kule Durham, palepale alipowahi kufundisha chuo cha Weusi enzi ambazo Duke isingemwajiri.

Sasa turudi kwa Williams. Franklin alikutana naye mwaka 1945 kwenye rafu ya maktaba, alipokuwa akijiandaa kuandika kile kitabu kikubwa: majuzuu mawili ya historia ya Weusi wa Marekani, ya miaka ya 1880, mwandishi asiyemjua. Akashangaa kwamba yeye, mwenye udaktari wa Harvard katika somo hilohilo, hakuwahi kuambiwa kuna mtu alimtangulia. Akaanza kumfuatilia, na ufuatiliaji ukachukua takriban miaka 40. Akamkuta askari mtoto wa miaka 14 katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, mchungaji, mbunge wa kwanza Mweusi Ohio, mtu aliyekaa na Leopold ana kwa ana akamwona muungwana, kisha akaenda Kongo akaona mwenyewe. Akamkuta pia mwongo wa hapa na pale, mwenye madeni, aliyemwacha mke Marekani na kuchumbia mwingine njiani Ulaya. Franklin hakumfichia. Mwaka 1975 aliliona kaburi lake Blackpool, halina hata alama, akaliwekea jiwe lenye jina, miaka na kazi yake: mwanahistoria. Kitabu kilitoka 1985. Miongoni mwa vitabu vyake vyote hiki ndicho ningempa mtu wa kwetu akianze, kwa sababu mwisho wake uko kwenye mto tunaoufahamu.

Heshima zilimjia kwa wingi: shahada za heshima zaidi ya 100, na aina ya okidi yenye jina lake, maana alizilima kwa mapenzi kwenye banda la kioo nyumbani. Rais Clinton alimvisha Nishani ya Uhuru Septemba 1995. Usiku wa kuamkia siku hiyo Franklin aliwaandalia rafiki zake chakula Cosmos Club, Washington, klabu ambayo yeye alikuwa mwanachama wake wa kwanza Mweusi tangu 1962. Akiwa anatembea ukumbini, mama mmoja wa Kizungu alimkabidhi tiketi ya koti na kumwambia amletee koti lake. Mzee wa miaka 80 akamjibu kwa upole kwamba wahudumu wote wa klabu wamevaa sare, akimpa mmoja wao tiketi huenda akapata koti. Miaka miwili baadaye Clinton alimfanya mwenyekiti wa tume ya ushauri kuhusu ubaguzi wa rangi. Ilizaa vikao na ripoti. Sidhani kama hapo ndipo alipofanya kazi yake bora, na pengine yule mama wa koti alimfundisha msomaji wa magazeti zaidi ya tume nzima.

Aurelia alifariki 1999. Yeye alimaliza kumbukumbu zake mwaka 2005, akashirikiana na mwanahistoria wa Kichina Yu Ying-shih Tuzo ya Kluge ya Maktaba ya Bunge la Marekani 2006, na Tulsa haikumtoka. Alihariri kumbukumbu za baba yake zikachapishwa, akaishauri tume ya Oklahoma iliyochunguza mauaji ya 1921 na kutoa ripoti yake 2001, na mwaka 2007, akiwa na miaka 92, akaketi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kuwatetea manusura waliotaka mlango wa mahakama ufunguliwe tena. Alifariki Durham tarehe 25 Machi 2009.

Mwaka 2015 zilipatikana kurasa kumi zilizopigwa taipu na baba yake mwaka 1931, akieleza alichokiona Greenwood: ndege zikizunguka angani, moto ukianzia juu ya mapaa. Sasa ziko kwenye jumba la makumbusho la Wamarekani Weusi, Washington. Wakili Buck Franklin aliwafungulia wateja wake madai dhidi ya mji na kampuni za bima kutoka ndani ya hema, na hawakulipwa. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Oklahoma iliitupa kesi ya manusura wawili wa mwisho, wote wakiwa wamevuka miaka 100.